Nafuu

Baba alisikia habari mbili asubuhi moja
akipembua kahawa ya mtu mwingine:
reli inatafuta mikono,
na ng'ambo ya mto Paraná ardhi ni bei nafuu.
Hakungoja ya tatu.

Tulidaiwa mchele, chumvi, samaki mkavu;
hata kamba tuliyofungia mizigo ya kutorokea
ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mwenye shamba.
Tukaondoka usiku. Mbwa walitujua, hawakubweka.
Mama alibeba chungu. Jina lake Nabe,
na kwetu Okinawa nabe ndicho chungu.
"Chungu kimebeba chungu," baba alinong'ona gizani.
Nikacheka. Nikazibwa mdomo.

Stesheni ya mwisho haikuwa na jina, ilikuwa na namba.
Reli iliishia nyasini
kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje ghafla.
Tukapewa nusu ya behewa lisilo na magurudumu,
nusu ya pili wakakaa akina Gushiken,
katikati shuka.
Eduvige, mpishi wa Kiparagwai,
alitufundisha kunywa majani ya mate kwa maji baridi
na kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa.

Taruma moja, watu wanne.
Baba alikuwa mfupi; wenzake wakanung'unika
kwamba mti unapita juu ya bega lake bila kumgusa.
Kesho yake akaja na gunia,
akalikunja mara sita, akaliweka begani
ili afikie sehemu yake ya uzito.
Hilo gunia ninalo bado.

Kisha mbu.
Akina Gushiken walizika wawili, wakahama.
Kamesuke, mdogo wangu, miaka minne,
akaanza kutetemeka juani.
Kwinini ya kampuni ilikuja Alhamisi,
homa haikujua siku.
Kila jioni baba alisimama mlangoni, udongo mwekundu hadi magotini,
hakuingia, aliuliza tu:
"Amepata nafuu?"
Na mama, mkono juu ya paji la uso wa mtoto:
"Kidogo."
Kidogo, Jumatatu. Kidogo, Jumanne.
Jumatano baba hakuuliza.

Tulimlaza kando ya tuta.
Mbao zote zilikuwa za reli, hakukuwa na ya kuandikia jina,
basi baba akahesabu kutoka darajani:
taruma la mia mbili na kumi na tatu.
Akanihesabisha na mimi, kwenda na kurudi,
mpaka miguu yangu ikaijua hesabu bila kichwa.
Treni ya kwanza ilipopita, dereva alipiga honi.
Ng'ombe walikuwa njiani.

Miaka mitatu baadaye, wakala wa ardhi alitandaza ramani.
"Hapa kuna kijito, udongo mzito, mihogo itajiotea.
Huku ni mawe matupu.
Bei ni ileile."
Baba aliweka kidole kwenye mawe.
Wakala akadhani hajaelewa Kireno,
akarudia polepole, akachora kijito kwa kalamu ya buluu.
Kidole hakikusogea.

Mama hakusema neno.
Aliokota mawe mwaka mzima, akayapanga ukuta,
ndani ya ukuta akapanda vitunguu vya majani,
akawauzia abiria madirishani,
na kila treni ilipong'oa, alibaki amesimama palepale
muda mrefu kuliko biashara ilivyohitaji.

Sasa treni hazipiti.
Mjukuu wangu Edivaldo ameleta mnunuzi mwenye miwani ya jua,
anayetaka mawe na mataruma ya kale
kwa meza za mkahawa mjini.
"Bibi," anasema, "atatupa bei nzuri. Sisi tulipata kwa nafuu."

Nimevaa viatu, baada ya kuvikung'uta.
Nimewaambia wangojee darajani.
Mataruma mengine yameoza, mengine yameibwa,
pengine kuna shimo tu na siafu.
Nahesabu hata mashimo.
Mia na themanini na tisa.
Mia na tisini.